Jiwe la Moto Chumbani kwa Mama Mkwe

Mniwie radhi mapema. Hadithi hii nitaisimulia vibaya: mahali pa kutetemeka nitacheka, na mahali pa kucheka mtanitafuta mnipige mawe. Mkiyaokota mawe hayo, tafadhali, yajaribuni kwanza kwa maji.

Kuna kisiwa ambako mawe hujaribiwa. Ni kisiwa kidogo, mlima katikati, mchanga mweusi kama masizi, na mji wa kwanza umelala chini ya mlima huo pamoja na wenyewe, tangu siku ulipotapika moto. Kila mwashi hurithi sharti moja: jiwe ukilichonga upande ulikolala mji ule, limwagie maji. Likiyanywa, jenga. Likiyachemsha, lirudishe jua likiwa juu, maana lina mwenyewe.

Mwashi waliyemwita Timazi, kwa kuwa kuta zake zilinyooka kuliko tabia yake, alilijua sharti hilo kuliko alivyoijua tarehe ya ndoa yake. Ila alikuwa na mama mkwe.

"Mkwe wangu anawajengea watu nyumba," bibi huyo alikuwa akisema ndani ya mablanketi matatu, magoti yakigongana. "Mimi kanijengea friji."

Mkewe Timazi hakutania. "Mama akinifia kwa baridi humu ndani, mume wangu, tutamzika pamoja na ndoa hii."

Siku ya tatu ya lawama hizo Timazi akapata jiwe mlimani. Akalimwagia maji. Tsss! Yakakauka. Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Joto la bure," akasema, akalitia guniani, akatoboa ukuta na kulipachika kichwani pa kitanda cha mama mkwe.

Asubuhi yake bibi alikuwa amekaa kitako bila blanketi hata moja. "Leo ndiyo umeoa," akamwambia. Timazi akashinda kifua mbele, kama jogoo aliyetaga.

Kulikuwa na jambo dogo tu. Kikombe cha chai kilichowekwa karibu na ukuta saa moja asubuhi, saa sita kilikuwa bado kinatokota. Chumba kikanuka kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Kisha bibi akaanza kunong'ona na ukuta.

"Unaongea na nani, Mama?" bintiye akauliza.

"Shh. Ananiita jina langu la utotoni. Jina hilo walilijua watu wawili, na wote nimewazika."

Nywele zake za upande wa ukutani zikapukutika, nyusi zikafuata, ngozi ya shavu ikakakamaa ikawa nyeusi yenye vitundu vitundu kama jiwe la mlima, naye akazidi kutabasamu kwa nusu ya uso iliyobaki, hadi mchana mmoja bintiye alipomshika mkono amgeuze upande wa pili, mkono ukakataa kubanduka ukutani, akauvuta, ukakataa, akauvuta tena kwa nguvu zake zote, na kitu ndani ya ukuta kikauvuta upande wake, polepole, kwa adabu, kama mtu anayekunja kamba akijua siku bado ni ndefu.

"Umeweka nini humo?" mkewe akanong'ona.

"Jiwe."

"Ulilimwagia maji?"

Ukuta ndio uliojibu: tsss.

Wakamwita mganga. Akaja na joho jekundu linaloburura sakafuni, akafukiza ubani, akaruka, akaanguka, akakoroma, akafoka kwa lugha saba ambazo zote hazipo. Timazi alikuwa ameshashika nyundo na tindo.

"Nilitoe, bwana mganga? Jua bado liko juu. Nilirudishe?"

"Ubomoe ukuta mzuri hivi?" Mganga akacheka. "Jini limetoka. Nimeliona likikimbia, viatu mkononi. Piga plasta, bibi apumzike."

"Na mkono?"

"Utaachia wenyewe kesho."

Timazi alitaka sana kuamini, akaamini. Akapiga plasta, akauzunguka ule mkono kwa ustadi.

Kesho yake, mchana kweupe, kitanda kilikuwa kitupu. Plasta ilikuwa imevimba umbo la bibi aliyelala ubavu, magoti yamekunjwa. Timazi akainua nyundo, akapiga mara moja. Ufa ukatoa damu ya moto.

"Usinipige, mkwe wangu," ukuta ukasema kwa sauti ya mama mkwe. "Tumo wengi humu. Mji mzima."

Nyundo ikamdondoka. Mkewe akampita, akaukumbatia ukuta, shavu juu ya plasta, akilia, "Mama! Mama!" Timazi akamvuta mabega. Akamvuta tena. Mkewe alikuwa ameshaacha kulia. Alikuwa anasikiliza, na anatabasamu.

Sasa watu wote wanamlaumu Timazi, naye anakubali. Kutwa yuko nje ya nyumba ile, akiimwagia maji ndoo kwa ndoo. Mwacheni. Nyundo alikuwa nayo mkononi, na jua lilikuwa bado juu. Mganga yule ndiye hakuwa mganga. Alikuwa mchekeshaji wa jukwaani aliyekosa shughuli wiki ile, na joho lake lilikuwa pazia. Pazia lile nalijua vizuri. Nililikata mwenyewe, nikalivaa mwenyewe.