Koti la Baba Bénie

Baba Bénie hakuvuta sigara nyumbani hata siku moja, na jambo hilo alilisema kwa majivuno. Alivutia kwenye kituo cha pikipiki pamoja na madereva wenzake, wakingoja abiria wa kwenda Rughenda. Jioni Butembo ina baridi kali. Akifika nyumbani, alimfunika binti yake kwa koti lake zito la kazi.

Bénie alikuwa na miaka mitatu, na kifua kilimsumbua sana; akilala, pumzi zake zilikoroma hadi zikasikika mlangoni. Siku moja alishindwa kabisa kupumua vizuri. Mama yake, Kavuo, akapiga kelele. Wakapanda pikipiki hadi hospitali, roho juu.

Christa, daktari wa watoto, alimpa dawa ya kufungua kifua. Bénie alipotulia, daktari alinusa lile koti alilofunikwa.

"Nani anavutaka sigara kwenu?"

"Ni mie, docteur. Mais navutiaka inje!"

"Moshi inabakia mu koti, mu nywele, mu mikono. Kisha unamufunika mutoto nayo. Inamuzidishia magonjwa."

Baba Bénie alitamani ardhi ipasuke immeze. "Donc ni mie namuumiza mutoto wangu?"

"Haukuyua. Leo niko na bagonjwa babili, nitakusaidia weye vile vile. Chagua siku ya kuacha. Hamu ikikushika, kunywa maji, tembea kidogo, itapita. Ambia benzako basikupatie. Ukianguka, rudia hapa, hapana kujificha."

Alianguka kweli. Wiki ya kwanza ya kuacha alikuwa mkali, hata Kavuo akamkwepa. Siku moja akavuta, akarudi kwa daktari kichwa chini. Christa hakumkaripia.

"Nini ilikuangusha?"

"Kahawa ya asubuyi, docteur. Nikiinywa, mukono inatafuta sigara."

"Basi kunywa chai kwanza."

Akahamia chai. Koti likafuliwa kwa sabuni nyingi. Bénie akaendelea na dawa zake, baba naye akaendelea kujikaza.

Miezi ikapita. Jumapili moja, baada ya misa, alimkuta Bénie amelala mkekani. Kimya. Akainama, asisikie kitu.

"Kavuo! Kuya mbio! Mutoto hapumue!"

Kavuo alikuja, akaweka sikio kifuani pa mtoto, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Baba Bénie, anapumua! Batoto bazima banapumuaka vile, bila kelele."

Baba Bénie akaketi palepale chini, akaanza kucheka naye.