Vikombe vya Mwanzishaji

Kila Jumapili, Laurence na mama yake walitembea kwa miguu kutoka nyumbani kwao Akalla, kitongoji cha Stockholm nchini Uswidi, hadi kwenye ukumbi ambao kanisa lao lilikuwa limeupanga. Mama alibeba chupa mbili za chai ya tangawizi, na Laurence akabeba mandazi. Zamani mandazi hayo aliyabeba Bibi, na njiani hakukosa kuonja moja, eti anahakikisha sukari imetosha.

Bibi alifariki mwaka juzi, Laurence alipokuwa na miaka kumi. Mahali alipomkumbuka zaidi ni jikoni mwa ule ukumbi. Kwaya yao ya Warundi ilikuwa na desturi iliyotoka nayo kwenye kambi ya wakimbizi huko Kigoma, Tanzania: anayeanzisha wimbo ndiye anayeosha vikombe vya chai baada ya ibada. Bibi alianzisha nyimbo kwa miaka mingi, na vikombe akaviosha miaka hiyo hiyo. Laurence alisimama juu ya kiti akivipangusa, huku wote wawili wakirudia wimbo wa asubuhi. Jumapili zile zilikuwa tamu, jamani!

Baada ya Bibi, Laurence alirithi kuanzisha nyimbo. Vikombe je? Hivyo alimwachia mama yake. "Jag är trött, Mama," alisema kwa Kiswidi, kwamba amechoka, kisha huyo, kwenye simu yake.

Halafu akaja Alma, msichana wa rika lake, aliyetoka Kigoma na mama yake wakahamia Vällingby, kitongoji kingine cha Stockholm. Siku Alma alipoimba mara ya kwanza, wazee walifuta machozi. "Utadhani tunamsikia bibi yake Laurence!" akasema mmoja wao.

Maneno hayo yalimchoma Laurence moyoni. Tangu siku hiyo hakuimba tena kwa raha. Alilinganisha sauti yake na ya Alma, Kiswahili chake na cha Alma, hata makofi waliyopigiwa. Kila alipolinganisha, alijiona amepungua.

Krismasi ilipokaribia, Mwalimu Evodius, kiongozi wa kwaya, alipiga simu. "Laurence mwanangu, kesho Jumamosi tunachagua mwanzishaji wa Krismasi. Mazoezi yatakuwa saa saba, si saa tisa. Mjulishe Alma, mimi niko kazini."

"Sawa, Mwalimu."

Laurence aliandika ujumbe, akautazama, akaufuta.

Kesho yake Alma hakuonekana, na Laurence akachaguliwa. Saa tisa, walipokuwa wakifunga mlango, walimkuta Alma nje akikung'uta theluji kwenye kofia.

"Mazoezi yamekwisha, mwanangu," Mwalimu Evodius akamwambia. "Hukupata ujumbe?"

Alma aliitazama simu yake kwa aibu. "Labda uliingia nikashindwa kuuona. Simu yangu ni ya Kiswidi, na mimi bado sijakijua. Nisamehe, Mwalimu."

Laurence angeweza kusema ukweli pale pale. Badala yake alienda nyumbani akiwa amepata alichokitaka, lakini bila furaha.

Jumapili asubuhi aliingia jikoni mwa ukumbi kuweka mandazi. Kitambaa cha Bibi chenye mistari ya kijani kilikuwa bado kinaning'inia karibu na sinki. Alikishika, akalia. Mwalimu Evodius alimkuta hivyo, na Laurence akamweleza yote bila kuficha.

"Umenieleza mimi," alisema Mwalimu. "Lakini aliyesimama kwenye theluji si mimi."

Akamwita Alma. Laurence alimweleza huku akitazama sakafu.

"Mbona ulinifanyia hivyo?" Alma aliuliza. Sauti ilimtetemeka kwa hasira.

"Wanasema unaimba kama Bibi. Bibi alikuwa wangu! Nisamehe, Alma."

"Mimi sikumjua bibi hata mmoja. Waliposema vile, nilifurahi tu kufananishwa na bibi ya mtu." Kisha akaongeza, "Nimekusamehe. Ila usinifanyie tena."

Laurence alimgeukia Mwalimu. "Leo na Krismasi aanzishe Alma."

Alma alianzisha, na Laurence akaitikia pamoja na wenzake. Alikuwa amesahau raha ya kuitikia. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, hakulinganisha kitu.

Baada ya chai, Alma alikunja mikono ya gauni lake, akaanza kuosha. Laurence alichukua kile kitambaa cha mistari ya kijani, akasimama kando yake. Mwalimu Evodius aliwaletea vikombe vya mwisho.

"Mnajua kwa nini mwanzishaji huosha vikombe?" aliuliza. "Kambini tuliona anayesifiwa sana hujisahau. Tukamkumbuka Bwana Yesu, aliyewaosha wanafunzi wake miguu bila kuuliza nani mkubwa. Laurence, ukijilinganisha na mwenzako, utajivuna au utaumia, na njia zote mbili zitakupotezea rafiki. Kunyenyekea si kujidharau. Ni kuishukuru karama yako na kuifurahia ya mwenzako. Bibi yako alilijua hilo, ndiyo maana aliimba hata mbele ya vyombo vichafu."

Laurence alipangusa kikombe, akakiweka kabatini. Siku hizi alilifikia bila kiti.

"Alma," alisema, "anzisha tena ule wa asubuhi. Mimi nitaitikia."