Tulimwaga Maji Kabla Hajasema

Nina miaka thelathini na sita. Ni dereva wa lori. Napeleka unga na saruji kati ya Likasi na Kambove, na jioni narudi Kikula, kwenye nyumba ambayo marehemu baba aliijenga kwa matofali aliyoyafyatua mwenyewe. Sijaoa. Tangu kipupwe kilichopita nyumba hiyo ina mtu mmoja tu... mimi.

Ndugu zangu wasomaji, huenda nanyi mmewahi kubishana: mchezaji aliyeua, akafungwa, akatoka, arudishwe uwanjani au asirudishwe? Kila mtu ana jibu lake. Mimi pia nilikuwa na jibu, tena nililitamka kwa sauti kubwa mbele ya mama yangu mzazi. Laiti ningenyamaza!

Amuri alikuwa rafiki yangu. Tulikua pamoja, tukachezea timu moja. Mimi nilikuwa beki mwenye miguu mizito, yeye alikuwa kipa. Na kipa gani! Watu walimwita Baraji, kama ile baraji ya Mwadingusha inayozuia mto Lufira, kwa kuwa mbele yake hakikupita kitu. Mimi ndiye niliyemleta nyumbani kula bukari, ule ugali wetu, na hapo ndipo alipomwona Zaina, mdogo wangu.

Zaina... Alikuwa akiuza vitenge sokoni, na alipocheka aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio, kana kwamba kicheko ni kitu cha kuibiwa. Wakaoana, wakapanga nyumba karibu na kwetu. Hawakujaliwa mtoto, lakini mama yangu alipata mtoto mwingine: huyo Amuri. Siku za mechi alimwekea sahani yake ya sombe, yaani kisamvu, na samaki, na ole wake aliyeigusa!

Kisha ikaja Jumapili ile. Timu ya Kambove ilimfunga mpaka nyavu zikachoka. Mashabiki wao walimfuata hadi katikati ya soko wakimzomea: “Baraji imepasuka! Mukimbie, maji inakuya! Muite ingeniya!” Soko zima lilicheka. Mimi mwenyewe nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Yeye alipenya katikati yao. Aliingia nyumbani kwake, akafunga mlango.

Majirani walisikia kishindo. Kisha wakasikia sauti ya Zaina, chini chini, ikisema jambo ambalo hawakulielewa. Kisha kimya.

Tulipovunja mlango, mdogo wangu alikuwa sakafuni. Amuri alikuwa amekaa kando yake, ile mikono yake mikubwa ameilaza juu ya magoti, anaitazama kama si yake.

Mahakamani alikiri kwamba alimpiga. Lakini alipoulizwa mkewe alisema nini kabla ya kukata roho, alijibu kwamba hakumbuki. Nilimwona mama akiinamisha kichwa. Tangu siku hiyo alibaki na haja moja tu duniani. Hakutaka kifungo kirefu, wala fidia.

“Ramazani, mwanangu,” aliniambia, “bantu bote banasema Zaina alisema kintu. Alisema nini? Aliita nani? Alitaja jina ya Mungu? Minye njo mama yake. Yule peke yake ndani ya ile chumba njo anajua.”

Miaka ikapita. Amuri akatoka gerezani, amekonda, ndevu zina mvi. Timu ilikuwa taabani na haikuwa na kipa, ikamchukua. Lakini wachezaji wenzake walikataa kuvalia jezi naye katika chumba kimoja. Walisema hawatashika mpira ulioshikwa na mikono yenye damu isiyosamehewa.

Ndipo viongozi na mashabiki wakaja kwetu kumwombea msamaha. Mbele alikuwa Papa Kalenga, mkuu wa mashabiki, mzee mcheshi aliyestaafu kiwandani.

“Mama Ramazani,” alisema, “tumekuya na vichwa chini. Ekipe, timu yetu, inakufa, mama! Sasa hata batawa ba misioni banaweza kutufunga!”

Watu wakacheka. Mama hakucheka.

Hapa niwaeleze desturi yetu. Wazee wetu waliotoka Kasongo walikuja nayo, nasi tuliozaliwa Likasi bado tunaishika. Aliyemwaga damu huketishwa mkekani mbele ya mama wa marehemu. Hapo husema kwa kinywa chake mwenyewe, bila kusaidiwa, kila alichotenda na kila alichosikia. Akimaliza, mama humwagia maji mikononi. Na maji yakishamwagwa, jambo limezikwa. Hakuna wa ukoo wetu anayeruhusiwa kumuuliza tena, maana kuuliza ni kufukua maiti.

Neno kwanza, maji baadaye. Ndivyo ilivyo. Ndivyo ilivyokuwa siku zote!

Siku waliyoichagua ilikuwa siku ya mechi. Basi la timu lilikuwa limesimama mbele ya nyumba yetu, linapiga honi, limejaa vijana wanaoimba. Amuri aliketi mkekani. Akafungua kinywa... akafunga. Akalia. Akajaribu tena, sauti haikutoka. Papa Kalenga alitazama saa yake.

“Mama, mutoto anashindwa juu ya haya,” alisema. “Umwagie tu. Hitima ya Zaina ya mwezi wa Shabani itakuya, atakuya kusema yote mbele ya bantu benu. Minye Kalenga njo shahidi.”

Mama alishika birika lakini hakuliinamisha. Alinigeukia mimi. Baba hayupo, mimi ndiye mwanamume wa nyumba. Macho yake yaliniuliza: nifanye nini, mwanangu?

Nami nilimtazama Amuri. Sikumwona muuaji. Nilimwona mwenzangu wa utotoni, ameinama mkekani, kipaji chake chote kinaoza. Nilisema: “Mama, ametumikia kifungo chake. Mpe nafasi. Mmwagie.”

Mama akainamisha birika. Maji yakamwagika. Nje mashabiki wakapiga vigelegele, na Amuri akakimbilia basini mikono ikiwa bado inachuruzika. Siku hiyo hakufungwa hata bao moja.

Mwezi wa Shabani ukafika, na hitima yake. Mama alipika pilau, akatandika mkeka ule ule, akaketi. Visomo vikaisha, wageni wakaondoka, chakula kikapoa... Amuri hakuja. Alikuwa na mazoezi!

Nilimfuata uwanjani. Niliyameza maneno makali, nikamwambia kwa upole kwamba mama anasubiri. Alikuwa akivaa glavu. Hakuniangalia.

“Shemeji,” alisema, “maji ilishamwangika. Weye njo unajua desturi kunipita. Haviulizwi tena.”

Jamani! Desturi iliyowekwa ili kutuponya, yeye aliigeuza ukuta wa kujifichia. Na aliyemjengea ukuta huo ni nani kama si mimi?

Mama nilipomweleza, hakulia. Alisema tu kwamba ni kweli, hatuna ruhusa ya kuuliza. Lakini Jumapili iliyofuata alijitanda mtandio wake mweusi, akatoka. Nilimkuta uwanjani, nyuma ya goli la Amuri, amesimama.

Akawa anakwenda kila mechi. Hakumwita wala kumwambia neno. Timu zilipobadilishana upande, naye alizunguka uwanja mzima kwa hatua zake za kizee hadi nyuma ya goli lingine. Mashabiki, kwa kutojua, walimletea kiti cha plastiki. Waliimba: “Mama wa msamaha! Mama wa msamaha!” Hawakuona kwamba yule mama alikuwa anaomba. Alikuwa anangoja mtu mmoja ageuke, aseme sentensi moja.

Amuri hakugeuka. Ila alianza kukosea. Mpira mwepesi ukampita, kisha mwingine. Mashabiki wale wale wakaanza kunong’ona kwamba mama ana jicho baya. Papa Kalenga alikuja nyumbani, safari hii bila mzaha, akanung’unika: “Mama, ubakie sasa nyumba. Unamuletea gardien wetu wa goli mikosi.”

“Sikumuuliza kintu,” mama alijibu. “Nilisimama tu.”

Jumapili iliyofuata walimzuia langoni. Mama yangu, aliyemrudishia yule mtu mikono yake! Alirudi nyumbani akalala kitandani, na baridi ya kipupwe ikamkuta hapo. Kifua kilimbana. Katika homa alikuwa akiuliza, “Amekuya?” Nami nilimdanganya kwamba yuko njiani.

Alikufa asubuhi moja ya ukungu. Hakujua Zaina alisema nini.

Amuri alikuja mazikoni. Sikumfukuza. Zamu yake ilipofika alichota udongo, akapiga magoti ukingoni mwa kaburi, akainama mpaka kofia yake ikagusa ardhi. Nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa anasema! Alisema kwa muda, machozi yakimdondoka ndani ya shimo, kama mtu anayejibu swali aliloulizwa zamani.

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuweza kumshika bega. Sikusikia hata neno moja. Aliponyanyuka tulitazamana, na kinywa changu kilijaa lile swali... Nikalimeza. Siruhusiwi kuliuliza. Nilimtazama akitoka makaburini, na bado anadaka mipira hadi leo.

Ndugu zangu, sisemi mwenye kosa asirudi uwanjani. Sijafika hapo, na moyo wangu bado unavutana na Amuri kila nipitapo nikasikia watu wakilitaja jina lake. Lakini nawasihi, enyi viongozi wa timu, enyi mashabiki, nanyi mlio na ndugu aliyekosa: nafasi ya pili si mali ya umati. Msiiharakishe kwa sababu basi linapiga honi. Kabla hamjampa mtu viatu vyake, mwacheni akae mkekani hata kama ni mwaka mzima, hata kama timu itashuka daraja, mpaka amwambie mama wa watu kile anachongoja kusikia.

Mimi niliona huruma upande mmoja tu. Nilimhurumia aliyekuwa analia, nikamsahau aliyekuwa ameshika birika.