Aliyempiga Gyu-tae

Rafiki yangu Saruul alitoka Mongolia kusoma Seoul kwa mwaka mmoja, na haya yalimkuta mchana wa mvua. Chama cha wapanda milima cha chuo kilikuwa kimekodi nyumba kando ya mto, siku mbili za kunywa pombe ya soju na kuzoeana. Gyu-tae, mwanachama mpya, alishindwa mchezo. Adhabu ilikuwa ileile ya kila mwaka: alilala kifudifudi, wakamfunika blanketi, wakafunga mapazia na kuzima taa, wakaanza kumpiga. Angefunuliwa tu akimtaja aliyempiga kwa nguvu kuliko wote.

Saruul naye alipiga, kidogo, asionekane mgeni.

"Kaka Dal-ho!" Gyu-tae aliita, akimtaja kiongozi wa chama.

"Umekosa! Mimi nimekupapasa tu, mwanangu."

Wakacheka gizani. Vishindo vikazidi kuwa vizito, kama mtu anayeponda nyama mbichi. Kitu kikaalika ndani ya blanketi.

"Kaka, mbavu! Nakufa! Waambie waache!"

"Basi, jamani!" Dal-ho alifoka. "Acheni! Saruul, washa taa!"

Saruul aliwasha. Wapigaji wenzake wote wanne, Dal-ho akiwemo, walikuwa wameegemea ukuta, mikono juu, na vishindo bado vilikuwa vinaendelea. Dal-ho alilivuta blanketi. Gyu-tae hakulia tena. Damu ilikuwa inamtoka mdomoni. Fulana ilikuwa imempanda mabegani, na mgongo wake mtupu ulikuwa ukibonyea kwa kina cha ngumi, ukiinuka, kisha ukibonyea tena.