Maji ya Moto ya Mama Mkwe

Asubuhi ile haikuwa na lolote la ajabu. Msusi alifungua saluni yake kama kawaida, akafagia nywele za jana, akapanga vitana na kuwasha redio kwa sauti ya chini. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya jirani, mwanamke mwenye nywele nyingi na maneno mengi zaidi. Alilaza kichwa kwenye beseni la kuoshea, akafumba macho, akaanza kumsema mkuu wake wa shule. Msusi akafungua bomba la maji ya moto.

"Wee!" Mwalimu aliruka nusura aangushe kiti. "Unataka kuniua? Haya maji umeyatoa kwenye friji?"

Msusi aliomba radhi, akachemsha maji kwenye birika, akamalizia kichwa kile kwa kikombe. Mteja aliyefuata naye akaoshwa kwa birika. Aliyekuja baada yake maji yakamzidia moto, yakamchoma sikio, akaondoka na povu kichwani huku akilalamika njia nzima. Kufika saa sita mtaa mzima ulikuwa umeshapata habari.

Wanaomjua mwanamke yule wanajua si wa kutikiswa na bomba. Saluni ilikuwa kwenye chumba cha mbele cha nyumba aliyoolewa. Mama mkwe wake alifia humo, na miaka michache baadaye mume naye akafuata. Aliyebaki ni wifi, dada wa marehemu mume, na tangu msiba wifi alikuwa na wimbo mmoja tu: nyumba ni ya mama yetu, wewe rudi kwenu. Msusi hakuwa na kwao kwa kurudi. Vioo vile alivipachika mwenyewe, viti vile alivibeba mwenyewe, na saluni ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Akitolewa pale, ametolewa duniani.

Wifi alifika mchana huohuo. Hakuingia. Alisimama mlangoni amekunja pua.

"Nimesikia maji yamegoma," alisema. "Unaona sasa? Nyumba imekukataa. Mama hakutaki humu. Ijumaa nakuja na binamu zangu, tukusaidie kubeba virago."

"Hita imeharibika, wifi," Msusi alimjibu bila kuacha kukunja taulo. "Hita haina ukoo."

Wifi akasonya, akaenda zake.

Kulikuwa na fundi wa umeme ambaye watu walimwita Fundi Kesho, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila aliyemwita. Siku hiyo alikuja siku hiyohiyo, na hilo peke yake lilikuwa jambo la kutia shaka. Hita ilikuwa kwenye ukumbi mwembamba nyuma ya saluni, tangi jeupe lililotundikwa juu ya ukuta. Fundi alianza na swichi. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka. Akaenda kwenye boksi la umeme, akakuta hakuna kilichojizima. Akafungua mfuniko wa hita, akapima koili kwa kipima umeme chake; umeme ulikuwa unafika na koili ilikuwa nzima. Akazungusha kidhibiti cha joto, kikalia ta, kama inavyotakiwa. Mwisho akaweka kiganja kwenye tangi, akakitoa haraka na kukipuliza.

"Mh!" alisema.

Akaweka ndoo chini, akafungua vali ndogo ya dharura pembeni mwa tangi. Maji yaliruka kwa kishindo, yakajaza ukumbi mvuke.

"Dada, hita yako haina ugonjwa. Maji yanachemka mpaka yanalia."

"Sasa mbona kwenye bomba hayafiki?"

"Ngoja niyafuate yanakokwenda."

Mabomba yalipita juu ya ukuta, wazi, yamepakwa rangi. Fundi aliyafuata kwa kiganja, polepole, kama anayempima mtoto homa. Moto. Bado moto. Akafika mahali bomba lilipogawanyika. Tawi moja lilikwenda saluni; alilishika, lilikuwa baridi kabisa. Tawi la pili liliingia ukutani. Aliligusa, akatoa mkono. Lilikuwa linaunguza, na lilikuwa linatetemeka. Maji yalikuwa yanapita ndani yake.

Fundi Kesho alishusha sauti.

"Nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

"Bafu la mama mkwe wangu. Alipofariki, mume wangu aliliziba kwa matofali, mlango mpaka dirisha."

"Na bomba alilikata?"

"Alisema atalikata siku nyingine. Hakulikata."

Fundi alicheka kidogo, cheko la mtu aliyepona. Basi si ndiyo hiyo, alisema, kuna bomba limelegea humo ndani na maji ya moto yote yanaishia huko. Akatoka nje kuhakikisha. Mita ya maji ilikuwa imesimama, haizunguki hata kidogo. Akaenda nyuma ya nyumba kutazama mfereji ambao zamani ulitoa maji ya bafu lile. Ulikuwa mkavu, na buibui alikuwa ametandaza utando kwenye mdomo wake.

Aliporudi hakuwa anacheka. Aliweka sikio ukutani. Akakaa hivyo. Kisha akaanza kukusanya vifaa vyake kimoja kimoja, taratibu, kama aliye karibu na mtoto aliyelala.

"Fundi, vipi?"

"Kuna mtu anajisugua mgongo humo," alinong'ona.

Akaondoka. Safari hii hakusema kesho.

Msusi alibaki peke yake ukumbini. Redio ilikuwa inaimba saluni, akaenda kuizima. Akarudi, akaweka sikio pale pale alipoliweka fundi. Kwanza alisikia moyo wake tu. Halafu akasikia dodoki. Kwaru. Kwaru. Kisha kopo likichota na maji yakimwagwa, mwaa, juu ya mwili wa mtu.

Aliijua sauti ile. Angeitambua popote. Mama mkwe wake alikuwa mtu wa maji ya moto, asubuhi, mchana na jioni, na katika nyumba ile ilikuwa marufuku mtu yeyote kugusa maji ya moto kabla bibi mwenye nyumba hajatosheka. Msusi, wakati huo bibi harusi mpya, alikuwa akisimama nje ya mlango na ndoo yake tupu. Akigonga, jibu lilikuwa lilelile kila siku: bado sijamaliza. Msusi alioga maji ya baridi miaka yake yote ya ujana. Kisha yule mama akaishiwa nguvu za miguu, na aliyekuwa akimbeba hadi bafuni akawa ni huyuhuyu mkwe aliyenyimwa maji.

Alitoka uani. Jua lilikuwa linawaka sawasawa, nguo zimeanikwa, geti liko wazi. Aliogopa, tena aliogopa sana, na hakuna aliyekuwepo wa kumwonea haya. Ilikuwa rahisi mno kutoka kwenye lile geti na kwenda moja kwa moja. Alilitazama muda mrefu. Kisha akamkumbuka wifi na pua yake mlangoni, akaikumbuka na Ijumaa, hasira zikampanda.

"Sihami," alisema kwa sauti, peke yake uani. "Aliye hai hanitoi, na aliyekufa hanitoi."

Akaingia ndani kuchukua nyundo ya marehemu mumewe.

Pigo la kwanza lilidondosha lipu. Humo ndani dodoki likanyamaza. Akapiga tena. Tofali likapasuka. Akapiga tena na tena mpaka tofali likaangukia upande wa pili, na tundu likatoa mvuke usoni pake. Ulinukia sabuni.

Alipanua tundu. Akamulika kwa tochi ya simu.

Sakafu ilikuwa kavu. Vumbi lilikuwa nene, halina alama ya unyayo. Bomba juu ya karai lilikuwa limeshika kutu, halidondoshi hata tone. Karai lenyewe lilikuwa limejaa utando wa buibui. Hapakuwa na mtu.

Kwenye rafu palikuwa na kipande cha sabuni. Kilikuwa kimelowa. Kilikuwa na povu. Povu lilikuwa linapasuka, kidogo kidogo.

Vali ya tawi lile ilikuwa karibu na tundu, mkono ungeifikia. Akaingiza mkono. Akaishika. Akaizungusha mpaka ikafunga.

Vali ikazunguka kurudi. Ndani ya kiganja chake. Polepole.

Akaifunga. Ikafunguka.

Akaingiza mkono wa pili. Akaishika kwa nguvu zake zote.

Vidole vikatua juu ya vidole vyake. Vilikuwa na maji. Vilikuwa na makunyanzi, kama vya mtu aliyekaa majini muda mrefu mno.

"Bado sijamaliza."

Sauti ilikuwa karibu. Ilikuwa sikioni kabisa, na ilikuwa imechoka. Msusi alitaka kupiga yowe, mdomo ukakataa. Mkojo ulimbana. Lakini mikono hakuitoa.

"Umemaliza, mama," alisema. "Umemaliza zamani. Mara ya mwisho nilikuosha mimi. Binti yako alikuwa amekaa sebuleni analia, hakuthubutu kuingia. Ni mimi niliyekugeuza. Nilikuosha shingo, nikakuosha mgongo, nikakuosha visigino. Kwa maji ya moto, kama unavyopenda. Sikukubania hata kopo moja. Sasa maji haya ni yangu, na ni ya wateja wangu. Kama unataka kubaki, baki. Nyumba ina nafasi. Lakini mimi siendi popote, mama. Umenisikia? Siendi."

Msusi aliikaza mikono kwenye vali.

Alihesabu pumzi zake mwenyewe tu. Kisha kidole kimoja kikainuka. Kikafuata kingine. Vikainuka vyote, polepole, kama vya mtu anayewaza. Vali ikazunguka kwa urahisi, ikafunga, ikabaki imefungwa.

Kule saluni bomba lilikohoa, likatema hewa, likaanza kumwaga maji ya moto.

Msusi alikaa chini kwenye vipande vya matofali, akalia mpaka akatosheka. Kisha akanawa uso kwa maji yale ya moto na kupigia simu wateja wake.

Ijumaa wifi alikuja mapema, saluni haijaanza kupokea watu. Binamu zake walibaki barabarani ndani ya pikapu. Safari hii aliingia, akatazama bomba, akatazama mvuke kwenye kioo.

"Maji ya moto umeyapata wapi?"

"Kwenye hita."

"Muongo wewe."

"Kaa basi ujaribu mwenyewe."

Wifi alikaa, kwa ubishi tu, apate la kusema. Akavua kilemba, akalaza kichwa kwenye beseni. Msusi akamlowesha, akamtia shampuu, akamsugua mpaka povu likajaa. Wifi akafumba macho. Hata mwenye chuki akishikwa kichwa vizuri hulegea. Msusi akasuuza mikono, akaenda kuchukua taulo kwenye kabati, upande wa pili wa chumba.

"Hapo hapo," wifi alisema kwa sauti laini. "Hapo nyuma ya sikio. Usiache."

Msusi akageuka, taulo mikononi.

Povu lilikuwa linatembea. Lilikuwa linasukumwa, linakusanywa, linapasuliwa njia kutoka kwenye paji mpaka utosini, na nywele zilikuwa zinainuka zenyewe na kulala. Wifi alikuwa anatabasamu, macho bado yamefumbwa. Msusi alihisi baridi mpaka kwenye meno. Alisimama na taulo lake mpaka povu likatulia, ndipo akasogea, akamsuuza, akamfunika kichwa.

Alipolifungua taulo, nyuma shingoni palikuwa na msuko mmoja, mwembamba kama kamba ya kiatu, umekazwa barabara. Nywele zake zilikuwa zimepishanishwa kinyume, kwa namna ambayo Msusi, pamoja na miaka yake yote ya kazi, hakuijua.

Wifi alipeleka mkono shingoni. Vidole vyake vikaukuta. Uso ukamshuka.

"Nani amekufundisha huu?"

"Mimi nimekuosha tu, wifi. Sijasuka kitu."

"Mama alikuwa ananisuka hivi," wifi alinong'ona. "Nilipokuwa mdogo. Kila nikifanya kosa. Ili nikijishika shingo nikumbuke kwamba bado ana hasira na mimi."

Aliinuka, akatoka nje nywele zikichuruzika maji. Pikapu iliondoka bila mzigo, na habari ya virago haikusikika tena.

Sisi wa mtaani tulisikia baadaye kwamba alizunguka saluni nyingi kuufumua. Haukufumuka. Akaukata kwa mkasi. Akalala, akaamka asubuhi, akaukuta upo palepale. Mwisho akarudi kwa Msusi, mchana kweupe, mnyenyekevu, akaomba afunguliwe.

"Siuwezi, wifi, si kazi yangu," Msusi alimwambia, akimvutia kiti kwenye beseni. "Lakini aliyeusuka yupo. Kaa, nifungue maji."

Wifi hakukaa. Mpaka leo havui kilemba mbele ya mtu.