Chumba Ndani ya Shavu la Tabea

Tabea na mumewe Abdiel wanalima kahawa na migomba, juu kidogo ya Maji ya Chai, nje ya mji wa Arusha. Kila jioni walizoea kukaa jikoni na mtoto wao Lucky, wakisimuliana mambo ya siku. Mwaka huu Tabea alibadilika. Alikaa mlangoni peke yake, uso ameugeuzia nje. Abdiel akisogea, yeye anahama.

Sababu ilikuwa harufu. Tundu la kulia la pua yake lilitoa kamasi nzito ya njano, yenye kunuka. Akiinama kupalilia, shavu la upande huo lilimuuma. Alikwenda zahanati, akajieleza huku ameziba mdomo kwa khanga. Alisema ana mafua, akapewa dawa ya mafua. Haikumsaidia.

Kuziba mdomo ni mazoea ya wengi huko. Maji yao yana madini mengi ya floraidi. Mtoto akiyanywa, meno yake huota yakiwa na rangi ya kahawia. Watu wa huko wakichekwa ugenini, hujifunza kuficha meno.

Asubuhi moja Abdiel alimwambia mkewe kwa sauti ya chini, "Mama Lucky, kama umenichoka, niambie mimi kabla hujawaambia wazee."

Tabea akalia, akamweleza yote.

"Mimi nimekua nikilala na mbuzi," Abdiel akasema. "Ndiyo unikimbie kwa ajili ya harufu?"

Siku hiyo hiyo wakashuka hospitali, Arusha mjini. Daktari wa zamu alipojua kwamba kamasi inatoka upande mmoja tu, na inanuka, aliwapeleka kwa daktari wa meno. Huyo aliitwa Agnela. Alimwomba Tabea afungue mdomo. Tabea akauziba kwa mkono.

Agnela akatabasamu. Meno yake nayo yalikuwa ya kahawia. "Mimi nimezaliwa Momela, dada, maji yetu ni yale yale. Fungua tu, tuko nyumbani."

Jino moja la nyuma, la juu, lilikuwa limetoboka. Ile rangi ilikuwa imeficha tundu. Tabea alikumbuka kwamba mwaka jana jino hilo lilimuuma sana, kisha likaacha. Alimshukuru Mungu, akalisahau.

"Halikupona, lilikufa," Agnela alisema. "Jino lililokufa linaweza lisiume, lakini vijidudu vinaendelea kupanda kwenye mizizi."

Akawaonyesha picha ya eksirei. Ndani ya kila shavu, nyuma ya mfupa, palikuwa na chumba. Cha kushoto kilikuwa cheusi, maana yake kina hewa tu. Cha kulia kilikuwa cheupe kwa usaha. Mizizi ya lile jino ilifika kwenye sakafu yake.

Tabea aliitazama picha kwa muda mrefu. Siku zote alidhani uso ni nyama na mfupa tu.

Agnela alieleza kwamba ndani ya chumba hicho kuna vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Kazi yao ni kufagia ute na vumbi hadi puani. "Na mlango wa chumba uko juu, karibu na dari," alisema. "Kwa hiyo vinafagia kupanda."

"Hata nikilala?"

"Hata ukilala."

Tabea akairudia ile picha kwa macho.

Jino liling'olewa. Tabea alikatazwa kupenga kamasi kwa nguvu mpaka kidonda kizibe, akaambiwa amalize dawa zote hata akijisikia nafuu. Alifanya hivyo. Harufu ilipungua, kisha ikaisha. Aliporudi kupigwa picha, vyumba vyote viwili vilikuwa vyeusi.

Jioni hiyo alikaa karibu na Abdiel, bega kwa bega. Akachukua kidole cha mumewe, akakiweka kwenye shavu lake, chini ya jicho.

"Ni hapa," alisema. "Vinafagia sasa hivi."

Abdiel akagusa shavu lake mwenyewe. "Na mimi ninavyo?"

"Pande zote mbili."

Abdiel akazuia pumzi, kama mtu anayetega sikio asikie kazi ikiendelea.