Baba Aliivunja Santuri ya Krismasi Mbele ya Mama

Kraaa!

Baba aliipiga santuri kwenye goti, ikapasuka vipande vipande... mbele ya mama aliyekuwa hoi kitandani!

"Baba Kristina, umefanya nini?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimekwambia si wakati wake!"

Kristina ndiye mimi, bibi yenu. Nimeona mnavyochambana humu kwenye kundi letu, eti nyimbo za Krismasi zianze Novemba au zingoje Desemba. Tulieni niwasimulie.

Ilikuwa Itigi, enzi za Mwingereza. Karibu na stesheni palikuwa na duka la nguo la Kassamali, Mhindi, tena Mwislamu. Lakini nyimbo za Krismasi alizianza yeye kabla ya mapadri! Mvua ya kwanza haijadondoka, gramafoni ishatolewa barazani inaimba, "Amezaliwa, amezaliwa!"

"Kassamali, mwaka huu Yesu kawahi!" watu walimtania.

"Akichelewa, kaniki nitamuuzia nani?"

Mama alikuwa na mimba kubwa, miguu imevimba kama mitungi. Wawili walionifuata mimi walizaliwa wamekufa, ndiyo maana baba akawa mwoga wa kila kitu. Kwetu mtoto wa tumboni hapigiwi vigelegele, hata nguo hashonewi. Sasa wimbo unasema amezaliwa, na mwenyewe bado? Kwa baba ule ulikuwa uchuro!

Siku ile mama alimwita Nurjehan, mke wa Kassamali. Wakanong'onezana. Nurjehan akatoka anajifuta macho kwa mtandio, akarudi kaikumbatia gramafoni kifuani. Akazungusha mpini, akashusha sindano taratibu.

Santuri ikaanza tu kukwaruza... baba huyo mlangoni!

"Mnamwitia kifo mwanangu?"

"Nisikie mara moja tu, Baba Kristina."

"Akishazaliwa utausikia mpaka uchoke!"

Ndipo ile kraaa.

Nurjehan akaokota vipande, akavifunga kwenye pindo la mtandio.

Kesho yake uchungu ukamshika mama. Mtoto alitoka, hakulia. Mama naye, damu ikakataa kukata...

Tukawazika pamoja.

Pale pale msibani baba akamrukia Nurjehan.

"Umeuona uchuro wako?"

Nurjehan akamtazama sana.

"Ezekieli, mtoto alishaacha kucheza tumboni siku nyingi. Mkeo alijua. Aliogopa kukwambia, akikuona unavyomngoja. Aliniambia, 'Dada, huyu hataimbiwa na mtu. Acha aimbiwe angali ndani yangu.'"

Jamani!!!

Baba akakaa chini, pale pale kwenye udongo. Hata watu walipoondoka alikuwa bado kakaa.

Krismasi ikafika. Kassamali hakutoa gramafoni. Nilimfuata baba nyuma hadi dukani. Alisimama barazani, kofia mkononi.

"Kassamali, nipigie ule wimbo."

"Bwana Ezekieli... santuri ilikuwa ile ile moja."

Baba akavaa kofia, tukarudi nyumbani. Miaka yote aliyoishi baada ya hapo, Krismasi ikifika alikuwa anaingia porini kwenye mizinga yake ya nyuki, anarudi zikishaisha sherehe. Mimi sikuwahi kuusikia tena ule wimbo mpaka mwisho.

Basi wajukuu zangu, msiniulize nyimbo zianze lini. Ukiona mtu anaiharakisha furaha yake, usiizime.

Muulize kwanza anakimbizana na nini.